Gari Likigonga Ukingo wa Barabara: Madhara Yasiyoonekana Siku Hiyo

Miongoni mwa mali zote za chama cha ushirika, gari ndiyo mali inayoondoka machoni mwa wanachama kila siku. Mizani hukaa ghalani, kasiki hukaa ofisini, na vitabu vya hesabu hukaa mezani kwa Katibu. Lakini gari huondoka alfajiri na kurudi jioni, na yale yaliyolipata njiani huwa yanajulikana na mtu mmoja au wawili tu. Ndiyo maana ajali kubwa hujulikana na wote, ilhali ajali ndogo hubaki kuwa siri ya dereva na barabara.

Makala haya yanahusu ajali moja ndogo ambayo hutokea mara nyingi na huandikwa mara chache, nayo ni gari kugonga ukingo wa barabara. Huenda dereva alikuwa akikwepa baiskeli mjini, au alikata kona ya kuingia benki kwa ufupi mno, au alipitiwa na usingizi kwa nukta moja. Gurudumu likagonga ukingo wa saruji, gari likaruka, likatua, likaendelea na safari. Dereva akashuka, akatazama, akaona mkwaruzo mdogo kwenye rimu, akamshukuru Mungu na kuendelea. Baada ya mwezi mmoja tairi limelika upande, usukani unatetemeka, na fundi anasema kwamba chuma kilichoshika gurudumu kimepinda. Hakuna anayekumbuka kilichotokea, au yupo anayekumbuka lakini hathubutu kusema.

Nia yetu ni kueleza kwa nini madhara ya namna hii hujificha, jinsi Katibu na dereva wanavyoweza kuyagundua mapema bila mitambo ya gharama kubwa, na utaratibu unaofaa kuwekwa na chama ili dereva asione faida ya kunyamaza.

UKUBWA WA PIGO

Ukingo wa saruji wa barabara za mjini huwa na kimo cha sentimita 10 hadi 15 hivi. Kwa macho ni kitu kidogo, na mtu mzima huuvuka bila kuufikiria. Lakini ukubwa wa pigo haupimwi kwa kimo cha ukingo peke yake. Hupimwa hasa kwa mwendo wa gari na uzito wake.

Gari linalokwenda kilomita 36 kwa saa husafiri mita 10 katika kila sekunde. Nguvu iliyomo katika mwendo huo ni sawa na ile ambayo gari hilo lingekuwa nayo kama lingeangushwa kutoka kimo cha mita 5, yaani juu kuliko paa la nyumba nyingi za vijijini. Mwendo ukipunguzwa kwa nusu, ukawa kilomita 18 kwa saa, kimo hicho hushuka hadi mita 1 na robo hivi. Ukiongezwa mara mbili, ukawa kilomita 72 kwa saa, kimo hupanda hadi mita 20. Kwa maneno mengine, mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya pigo huongezeka mara nne. Gari likiwa limebeba magunia 30 ya mahindi ya kilo 100 kila moja, hizo ni tani 3 nyingine zinazosukuma kutoka nyuma.

Ni kweli kwamba nguvu yote hiyo haiingii katika gurudumu, kwa sababu gari halisimami papo hapo; huruka au huteleza pembeni. Lakini ile sehemu inayoingia huingia kwa muda mfupi mno, tena kwa kupitia mahali pamoja tu, ambapo tairi limekutana na ukingo.

Kuna jambo la pili lililo muhimu zaidi. Springi ya gari imeundwa ipokee mapigo yanayotoka chini kwenda juu, kama vile gari linapopita juu ya tuta au jiwe. Hapo springi hunyumbuka na kulimeza pigo. Ukingo wa barabara haupigi hivyo. Hupiga kutoka mbele au kutoka ubavuni, upande ambao springi haikuumbwa kunyumbuka. Basi pigo huipita springi na kuingia moja kwa moja katika vyuma vilivyoshika gurudumu. Hii ndiyo sababu gari linaloweza kuhimili mashimo ya barabara ya kijijini mwaka mzima huweza kuharibiwa na ukingo mmoja wa mjini.

NJIA INAYOPITWA NA PIGO

Ili kuelewa mahali pa kutafuta, tulifuate pigo lenyewe kutoka nje kuingia ndani.

Kwanza ni tairi. Likibanwa kati ya ukingo na rimu, nyuzi zilizomo ndani ya ubavu wake hukatika ingawa mpira wa nje haukuchanika. Baada ya saa au siku kadhaa upepo husukuma mahali palipodhoofika, na uvimbe hutokeza ubavuni mfano wa nundu. Tairi lenye uvimbe huo halitengenezeki, na laweza kupasuka wakati wowote, hasa likiwa limebeba mzigo na limepata joto.

Pili ni rimu. Rimu ya chuma hupinda. Rimu ya aloi huweza kupinda au kupata ufa. Rimu iliyopinda ukingoni huvujisha upepo polepole, na dereva hudhani ni pancha ya kawaida.

Tatu ni beringi ya gurudumu. Gololi zake hukandamizwa juu ya njia yake na kuacha vishimo vidogo visivyoonekana bila kuifungua. Siku ile haitoi sauti. Kadiri gari linavyotembea vishimo huongezeka, hata siku moja mngurumo ukasikika.

Nne ni viungo vya usukani, hasa tairodi, yaani kile chuma chembamba kinachosukuma gurudumu lielekee kushoto au kulia, na boljointi, yaani kile kifundo kinachoruhusu gurudumu kugeuka huku likipanda na kushuka. Tairodi huwa ni miongoni mwa vyuma vinavyopinda mapema. Boljointi huweza kulegea, au mpira wake wa kuzuia vumbi ukachanika, na mchanga ukaingia kumaliza kazi iliyoanzwa na ukingo.

Tano ni mkono wa chini unaoliunganisha gurudumu na mwili wa gari, ambao mafundi wengi huuita amu, pamoja na bushi zake za mpira. Mkono huweza kupinda kidogo sana, na bushi zikachanika kwa ndani.

Sita ni shokapu. Katika magari mengi madogo, shokapu na springi ya mviringo vimeunganishwa kuwa nguzo moja inayolisimamisha gurudumu, kwa mpango uliobuniwa na mhandisi wa Kimarekani Earle MacPherson katika miaka ya 1940. Katika magari hayo, mti wa shokapu ukipinda, gurudumu zima huinama.

Kwa upande wa malori na magari mengi ya mizigo, ekseli imefungwa juu ya springi za bapa kwa yu-bolti, na katikati ya springi hupita bolti moja iitwayo senta bolti, ambayo huishika ekseli isihame mahali pake. Pigo kali huweza kuikata senta bolti hiyo. Kwa kuwa yu-bolti bado zimebana, ekseli haitoki; husogea kidogo tu kwenda nyuma upande mmoja. Lori huendelea kutembea, lakini hutembea upande kama kaa.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba gari linapokata kona, gurudumu la nyuma hupita ndani zaidi kuliko la mbele. Kwa hiyo mara nyingi linalogonga ukingo ni la nyuma, ilhali dereva na fundi wote wawili hutazama la mbele.

KWA NINI MADHARA HUCHELEWA KUONEKANA

Sababu ni nne.

(a) Chuma kilichopata ufa mdogo hakivunjiki siku hiyo. Kila gari linapopita shimoni au kukata kona, ufa hufunguka na kufunga, nao hurefuka kidogo. Chuma huendelea kuvumilia hadi sehemu nzima iliyobaki iwe ndogo mno, kisha hukatika ghafla, na kwa kawaida hukatika wakati mzigo ni mkubwa, yaani mteremkoni, kwenye kona au breki zinapokanyagwa kwa nguvu.

(b) Vitu vya mpira na vya mafuta huharibika polepole. Bushi iliyochanika na shokapu iliyoanza kuvuja huweza kuchukua majuma kadhaa kabla ya kutoa sauti.

(c) Tairi huhitaji safari ili litoe ushahidi. Gurudumu likiwa limekengeuka kwa nyuzi 1 tu kutoka katika mwelekeo wa gari, huburutwa kando kiasi cha mita 17 katika kila kilomita moja. Kwa safari ya kilomita 100, tairi hilo limeburutwa upande kwa zaidi ya kilomita 1 na nusu. Baada ya safari ya kwanza mtu hataona kitu. Baada ya safari kumi atalipapasa tairi kwa kiganja na kulikuta lina makali kama meno ya msumeno.

(d) Dereva mwenyewe huzoea. Usukani ukikaa kombo kidogo, mikono yake huuzoea ukombo huo ndani ya siku chache, na siku akiulizwa atajibu kwa moyo safi kwamba gari halina tatizo.

DALILI ZA KUANGALIWA

Dereva, Katibu, au mwanachama yeyote anayepanda gari la chama aweza kuziona dalili hizi:

1. Usukani haukai sawa gari linapokwenda moja kwa moja.
2. Gari huvuta upande mmoja usukani ukiachwa huru kidogo katika barabara tambarare.
3. Usukani hautaki kurudi wenyewe baada ya kona, au hurudi upesi upande mmoja na polepole upande mwingine.
4. Mtetemo huanza katika mwendo fulani na kuzidi kwa kadiri mwendo unavyoongezeka.
5. Mngurumo husikika, nao hubadilika gari linapokata kona.
6. Chuma hugonga gari linapopita shimoni au breki zinapokanyagwa.
7. Tairi moja hupungua upepo kila baada ya siku chache.
8. Tairi limelika upande mmoja kuliko mwingine, au linagusa mdigadi.
9. Shokapu moja imelowa mafuta, ilhali ya pili ni kavu.
10. Gari limeinama upande mmoja likiwa tupu na limesimama mahali tambarare.

Dalili moja peke yake yaweza kuwa na sababu nyingine. Lakini dalili yoyote inayojitokeza baada ya pigo linalojulikana haina budi kuchunguzwa kana kwamba imetokana na pigo hilo, hadi ithibitike vinginevyo.

VIPIMO VINAVYOWEZA KUFANYWA CHAMANI

Chama hakihitaji mitambo ili kufanya uchunguzi wa kwanza. Huhitaji futi ya utepe, kipande cha chaki, jeki, vigogo imara vya kuegemeza gari, na watu wawili. Kabla ya yote, gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yasiyoinuliwa yazuiwe kwa mawe, na mtu yeyote asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Kipimo cha kwanza ni cha urefu. Yanyoosheni magurudumu ya mbele, kisha pimeni kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto na upande wa kulia. Katika magari mengi vipimo hivyo viwili hulingana. Ikiwa upande uliogonga umepungua, basi mkono umepinda au ekseli imehama. Yako magari machache ambayo kiwandani yenyewe yalitengenezwa kwa urefu tofauti, kama Renault 4 ya Ufaransa. Kwa hiyo ni vema Katibu akapima gari la chama likiwa zima, na kuandika vipimo hivyo katika jalada la gari. Siku ya shida atakuwa na kitu cha kulinganisha.

Kipimo cha pili ni cha nyayo. Liendesheni gari moja kwa moja, polepole, juu ya udongo wenye unyevu, halafu tazameni alama za magurudumu. Nyayo za nyuma zinapaswa kufuata zile za mbele kwa usawa pande zote mbili. Zikitokeza zaidi upande mmoja, gari linatembea kama kaa, na senta bolti ichunguzwe kabla ya safari nyingine.

Kipimo cha tatu ni cha mzunguko. Gurudumu likiwa limeinuliwa, mtu mmoja aishike chaki karibu sana na ukingo wa rimu bila kuigusa, na mwingine alizungushe gurudumu polepole. Rimu nzima hukaa umbali uleule; rimu iliyopinda husogea na kuigusa chaki mahali pamoja. Wakati huohuo sikilizeni beringi.

Kipimo cha nne ni cha kutikisa. Lishikeni gurudumu lililoinuliwa juu na chini, mkalisukume na kulivuta. Likicheza, yashukiwe beringi au boljointi. Kisha lishikeni kushoto na kulia mfanye vilevile. Likicheza, ishukiwe tairodi. Mtu wa pili aangalie kwa tochi ni kiungo gani kinachotembea.

Kipimo cha tano ni cha kulinganisha. Gari lina pande mbili, na upande usiogonga ndio mwalimu wa upande uliogonga. Tazameni mkono wa kushoto na wa kulia, tairodi ya kushoto na ya kulia, bushi kwa bushi. Rangi iliyobanduka upya, kutu iliyopasuka, au uchafu uliokatika kwa mstari ni ishara kwamba chuma kilisogea mahali hapo.

Tunashauri uchunguzi ufanywe mara nne: papo hapo barabarani, jioni ya siku hiyo, baada ya kilomita 100, na tena baada ya mwezi mmoja. Katika uchunguzi wa kilomita 100, nati za magurudumu zikazwe upya. Ule wa mwisho ndio unaosahauliwa, nao ndio unaoonyesha yale yaliyojificha katika beringi na katika tairi.

Papo hapo barabarani sheria ni moja. Ikiwa usukani umekaa kombo ghafla, au tairi linagusa chuma, au mafuta ya breki yanavuja, au gurudumu limeinama, gari lisiendelee kwa nguvu zake lenyewe, hata kama mzigo ni wa haraka. Wala lisivutwe kwa kamba, maana gari linalovutwa kwa kamba hutegemea usukani uleule ulioharibika. Lipakiwe juu ya gari jingine, au mwisho ulioharibika uinuliwe.

HUKO GEREJI

Hapa ndipo fedha za wanachama hupotea mara ya pili. Fundi hupewa gari lenye usukani uliokaa kombo, naye huizungusha tairodi kwenye nyuzi zake hadi usukani ukae sawa. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na gari hurudi likiwa limenyooka machoni. Lakini mkono uliopinda bado umepinda. Kilichofanyika ni kuurefusha au kuufupisha upande mmoja ili kuficha upungufu wa mwingine. Katibu aweza kulitambua jambo hili mwenyewe: ahesabu nyuzi za tairodi zinazoonekana nje upande wa kushoto na wa kulia. Zikitofautiana sana, aulize sababu.

Kwa hiyo tunapendekeza masharti yafuatayo:

Kwanza, sehemu zilizopinda zitafutwe na kubadilishwa kabla ya magurudumu kupangwa, yaani kabla ya alaimenti. Fundi atoe vipimo kwa maandishi, vya kabla ya kazi na vya baada ya kazi.

Pili, sehemu za usukani zisinyooshwe kwa moto wala nyundo, na wala zisichomelewe. Vyuma hivi hupata ugumu wake kiwandani kwa kupashwa joto na kupozwa kwa kipimo maalumu. Moto wa gereji huuondoa ugumu huo, na nyundo huongeza nyufa. Chuma kilichonyooshwa hufanana na kizima, lakini si kizima.

Tatu, shokapu au springi ikibadilishwa upande mmoja, ya pili ibadilishwe pia, ili pande zote mbili zifanye kazi sawa. Tairodi, boljointi na beringi zaweza kubadilishwa upande ulioharibika tu, endapo ule mwingine umepimwa na kuonekana mzima.

Nne, vipuri vya zamani virudishwe chamani vikiwa na kibandiko chenye tarehe. Kipuri cha zamani ni hati ya malipo iliyotengenezwa kwa chuma. Mkaguzi wa hesabu akiuliza, Katibu atakuwa na cha kumwonyesha.

DEREVA, KATIBU NA BODI

Yote tuliyoeleza hayafai kitu ikiwa habari ya pigo haikumfikia Katibu. Na habari hiyo haifiki kwa sababu iliyo wazi: dereva anaogopa mshahara wake kukatwa, au kazi yake kwenda. Mbele yake ana mambo mawili. Akisema leo, adhabu ni ya hakika. Akinyamaza, huenda gari likaharibika baadaye, na huenda siku hiyo akawa zamu mtu mwingine. Chama kinachomkata dereva kwa kila mkwaruzo hakifundishi uangalifu, kinafundisha kunyamaza.

Hesabu ya kunyamaza hulipwa na wanachama. Tairodi iliyopinda, ikigunduliwa siku ile, ni gharama ya tairodi moja na alaimenti. Ikiachwa, huongezeka tairi, kisha tairi la pili, kisha beringi, kisha safari zilizokwama wakati wa msimu wa kununua mazao. Na ikikatika mteremkoni, gari likiwa limejaa magunia na watu, hesabu hiyo haimo tena katika vitabu vya chama.

Viongozi wakumbuke vilevile kwamba makato si jambo la kuamuliwa kwa hasira. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo kwa ajili ya hasara. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Makato yasizidi hasara yenyewe. Na jumla ya makato isizidi robo ya ujira wake wa fedha. Chama kinachokata bila kuyafuata haya hujitafutia kesi juu ya hasara.

Kwa sababu hiyo, tunazishauri Bodi za vyama wanachama zipitishe uamuzi wa maandishi, usomwe mbele ya madereva wote, wenye mambo matatu. La kwanza: dereva atakayetoa taarifa ya kugonga ukingo, jiwe au shimo siku hiyohiyo, hatakatwa mshahara kwa ajili ya pigo hilo, isipokuwa alikuwa amelewa, au alikuwa akitumia gari bila idhini. La pili: dereva atakayeficha, atajibu kwa kosa la kuficha, ambalo ni zito kuliko la kugonga. La tatu: Katibu atakayepokea taarifa na asilichunguze gari, naye atajibu.

Pamoja na uamuzi huo, pawe na daftari la matukio ndani ya gari. Kila tukio liandikwe tarehe na saa, mahali, mwendo wa gari kwa makadirio, mzigo uliokuwamo, gurudumu lililogonga, na kilichoonekana. Kisha dereva na Katibu watie saini. Mistari sita inatosha. Daftari hilo litamsaidia fundi kujua pa kuanzia. Litamlinda dereva wa zamu nyingine asilaumiwe kwa kosa lisilo lake. Litakifaa chama pia mbele ya kampuni ya bima, kwa sababu bima hudai taarifa itolewe mapema. Hapo ikumbukwe kwamba bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu tu, hailipi matengenezo ya gari la chama lenyewe. Ni bima kubwa inayolipa, tena baada ya chama kubeba sehemu ya kwanza ya hasara kama mkataba unavyosema.

Hatimaye, kinga ni bora kuliko tiba. Madereva wakumbushwe kupunguza mwendo kabla ya kona za mjini, na kutopanda ukingo wa barabara kwa ajili ya kuegesha gari. Ikiwa pigo haliepukiki, breki zikanyagwe kabla ya kufika, kisha ziachiliwe pale gurudumu linapokaribia kugusa, maana breki zilizokanyagwa huiinamisha pua ya gari na kuzibana springi za mbele kabla pigo halijafika. Usukani ushikwe kwa mikono miwili, na vidole gumba visiwekwe ndani ya duara lake, kwa kuwa pigo laweza kuurusha usukani ghafla na kuviumiza.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Na gari nalo lina maradhi yake. Dereva asiyeogopa kusema, Katibu asiyechoka kupima, na Bodi isiyokimbilia kukata mshahara, hao watatu kwa pamoja huweza kulitunza gari la chama kwa miaka mingi. Tunawaomba Makatibu wayasome makala haya mbele ya madereva wao kabla ya msimu ujao wa kukusanya mazao, wapime urefu wa magari yao pande zote mbili, na kuviandika vipimo hivyo katika jalada la gari.